Washa za Fundi Hisani

Fundi Hisani hakuzaliwa na jina hilo. Watu walimpa ukubwani, likamkaa kama kiatu kinachobana: nje kinang'aa, ndani vidole vinalia.

Kazi yake ilikuwa kufuli. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, chembamba, mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Ndani mlikuwa na jiriwa ya kubania vyuma, tupa za kila namna, na funguo zilizotundikwa kwenye misumari kama samaki wa kukaushwa. Mtu akijifungia nje ya nyumba yake, anaitwa yeye. Kitasa kikigoma, anaitwa yeye. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote, na hiyo hakumwambia mtu, ilikuwa kufungua masanduku ya marehemu.

Wazee wana tabia moja. Mzee akiwa na sanduku lake, ufunguo hampi mke wala hampi mtoto. Anaufunga kwenye ncha ya nguo, anauficha juu ya boriti, anauchimbia chini ya mtungi. Siku akifa anakwenda na siri yake, na watu wa nyumbani wanabaki wanalizunguka sanduku kama kuku anavyozunguka yai lisilo lake. Hapo ndipo fundi anapoitwa.

Anaingia na mkoba wake begani, anatoa pole, anapiga magoti. Hana haraka. Anatia waya mmoja, anatia wa pili, sikio kaliweka kwenye tundu. Kufuli likiachia, anasogea pembeni na kugeuza uso ukutani ili wenyewe wafunue vitu vya mtu wao. Watu wakasema, ana adabu yule bwana. Hawakujua kwamba uso aligeuza, masikio aliyaacha pale pale. Alikuwa anasikiliza mlio wa sarafu.

Maana karibu kila sanduku la mzee lina kopo au soksi yenye sarafu za zamani, zile zilizokwisha kufutwa, ambazo hakuna duka linalozipokea. Watoto wa marehemu wakizimwaga mkekani wanacheka: baba naye, alikuwa anaweka hizi za nini? Na fundi akiulizwa malipo yake anajikuna shingo.

"Hela yenu kaeni nayo, mna msiba. Nipeni hivyo vichuma tu. Nitavitoboa nivifanye washa."

Washa ni kile kisahani kinachokaa chini ya skrubu ili isilegee. Hakuna asiyekijua. Na ili uongo wake usimame wima, bawaba za mlango wa kibanda alizikaza kwa sarafu mbili alizozitoboa, za hovyo kabisa, kila mteja azione.

Zile nyingine hazikutobolewa. Zilikwenda kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake, kila moja imevikwa kikaratasi. Mwenye kumfundisha alikuwa Mzee Lenzi, mtu wa kiduka cha saa mbovu na vitu vya kale mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu kile kioo cha kukuzia hakikumtoka jichoni hata akiwa anakula. Mzee Lenzi ndiye aliyemwambia sarafu ishikwe kwenye ukingo, isioshwe, isisuguliwe.

"Ule weusi wake ndio nguo yake," alisema. "Ukiuvua umeiacha uchi, na hakuna atakayeiposa."

Ndiye pia aliyemfundisha ununuzi. Bei ya kuokota, alisema, haikai dukani. Inakaa kwa mtu asiyejua alichonacho, au anayejua lakini ana shida. Na ukiiona, usiionyeshe macho. Ile unayoitaka iguse mwisho. Piga mwayo. Chukua na takataka zake zote, ili mwenyewe asijue ulichokuja kukichukua ni kipi.

Fundi alikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Mara chache aliuza moja kwa Mzee Lenzi, lakini nyingi alizikalia. Jioni alizitandaza kitandani akazitazama kama mlevi anavyotazama glasi. Mkewe, mwanamke mfupi aliyefulia watu nguo, ambaye sabuni ilimla mikono ikamwachia ulimi, alisimama mlangoni na beseni kiunoni.

"Watu wanakupa na asante juu."

"Wananipa wenyewe. Sijamshikia mtu panga."

"Hujashika panga, umeshika waya."

Ikawa hivyo miaka na miaka, mpaka akaitwa kwa Bi Kona.

Bi Kona aliitwa hivyo kwa sababu ya nyumba yake, iliyokuwa kwenye kona mkabala na kinyozi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amekula chumvi nyingi, na shingo yake haikuwahi kuinama mbele ya mtu. Masufuria yake yaling'aa, ungeweza kujitazama ukachana nywele. Mumewe alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, mtu ambaye kibaba kikizidi punje alizirudisha. Alipokufa, ufunguo wa sanduku haukuonekana.

Fundi akafungua. Ndani mlikuwa na mashati mawili ya kazi, mkanda, picha, na kibati cha tumbaku kilicholia. Bi Kona akakimwaga mezani.

"Vichuma vya marehemu," akasema. "Hii hapa alisema mbovu. Alirudishiwa chenji sokoni, akaitazama, akasema imepigwa vibaya kiwandani, watu watadhani bandia. Hakutaka kumpa mwenzake hasara. Akaiweka."

Fundi akaitupia jicho moja tu. Ilikuwa nyeusi, haijachakaa, na namba ya mwaka ilikuwa imepigwa mara mbili, moja juu ya kivuli cha mwenzake. Mzee Lenzi alishamwambia habari za kosa kama hilo: kiwanda hugundua, huzikusanya, huziyeyusha, na chache zilizoponyoka watu huzitafuta mpaka wanazeeka. Moyo ulimwenda mbio akadhani bibi anausikia. Akapiga mwayo.

"Malipo yako nini, mwanangu?"

"Hamna malipo, mama. Nipe hivi vichuma, nifanye washa."

Bi Kona akamsogezea kibati. Kisha, yeye ambaye kwenye mazishi hakutoa chozi, akafuta jicho kwa ncha ya kanga.

Kuanzia hapo fundi hakupata amani. Mwanamke yule alikuwa mgumu wa kusifu, na wagumu wa kusifu wakianza hawana breki. Alimsifu kwa kinyozi. Alimsifu kisimani, akamsifu dukani. Yeye ndiye aliyesema, "Yule si fundi, yule ni hisani inayotembea," na kinyozi, ambaye habari ikiingia masikioni mwake ilitoka na mkasi mkononi, akalichukua neno akalifanya jina. Kazi ziliongezeka. Watu walimwachia funguo za nyumba zao wakisafiri. Bi Kona alimletea maandazi. Mkewe fundi alipoumwa homa, Bi Kona alikuja akamkalia kitandani, akamwosha, akamwambia, "Umepata mume, binti yangu," na mgonjwa akageukia ukutani asijue acheke au alie.

Chini ya kitanda hicho hicho, kopo lilikuwepo. Mzee Lenzi alipoonyeshwa ile sarafu alisahau mafunzo yake mwenyewe, akasimama. Akataja bei ambayo ingemtosha mtu kuezeka nyumba. Fundi akakataa. Hakuitaka fedha, aliitaka yenyewe. Lakini kila alipoifunua akasikia "mwanangu," akaifunika.

Kisha likaja la macho. Bi Kona alianza kugonga milango kwa bega. Akatia chumvi kwenye chai. Hospitali wakamwambia ni mtoto wa jicho, la kulia limekwisha kuziba na la kushoto linafuata, inatakiwa apasuliwe mapema, na kupasuliwa kuna gharama. Majirani wakataka kumchangia. Akawafukuza. Akaja kibandani kwa fundi, akipapasa bati.

"Nimekuja na shida, na ni kwako tu. Niuzie cherehani yangu. Na kitanda kile cha mbao ngumu. Mimi sioni vizuri, watu watanilalia bei. Wewe hutanilalia."

Fundi alikuwa ameshika tupa. Akaendelea kuupiga tupa ufunguo ambao ulikwisha kuwa tayari, mpaka meno ya ufunguo yakaisha yote, ukaharibika.

"Utanisaidia, mwanangu?"

"Nitakuja nyumbani, mama."

Alimwambia mkewe. Mkewe akaacha kukamua shuka.

"Iuze ile sarafu, umpelekee pesa. Mwambie umemchangia."

"Hapokei mchango. Na akipokea atanishukuru. Akinishukuru tena mimi nitakufa."

"Basi kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwanamume mzima unaniuliza mimi ulichokiiba?" Akarudi kwenye shuka. "Na hilo kopo sitaki kulikuta hapa nikirudi kuanika. Likakae na wewe huko kibandani, muongee."

Akapiga moyo konde, akaenda. Bi Kona alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele kwa vidole, kichwa juu, macho hayapo kwenye sinia.

"Nimekuletea kitu chako, mama."

"Changu kipi? Sijakuazima kitu."

Akasema. Alianza kwa kuzunguka, akarudi, akasema tena moja kwa moja: ile sarafu haikuwa mbovu, ilikuwa na thamani kubwa, na alijua.

"Ulijua lini?"

"Palepale mezani."

"Ulipiga magoti kwenye sakafu yangu. Kaburi bado bichi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi si mama yako. Weka hapo."

Akaiweka kwenye kiganja kilichonyooshwa. Bi Kona akaipapasa, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akaisogeza mbali.

"Ipeleke hivyo hivyo kwa Mzee Lenzi," fundi akasema. "Bei yake inatosha jicho na zaidi. Ila usiisafishe. Nakuomba. Ukiisugua tu, imekufa."

Bi Kona akacheka, kicheko kikavu cha puani.

"Mwaka jana ilikuwa ya kutoboa. Leo haifai hata kusuguliwa. Kesho utaniambia nisiipumulie. Toka."

Fundi alikuwa amefika mlangoni aliposikia tena.

"Na usishangae. Nimepita mlango kwa mlango nikisema wema wako. Siwezi kuyaacha maneno yangu yanazurura huko nje ni ya uongo. Nitayafuata nikayarudishe."

Aliyafuata yote. Akipapasa kuta, fimbo mbele, alirudi kila alikokuwa amemsifu, akasimama, akasema: nilikosea, yule bwana ni mwongo, alinichukulia kitu cha mume wangu. Hakuongeza, hakupunguza. Walioongeza ni wengine. Kinyozi alisimama mlangoni kwake akapaza sauti, "Jamani, shikeni vifungo vya mashati, fundi wa washa anapita," na wateja wakacheka na povu mashavuni. Mtu mmoja alikuja kuomba ufunguo wake wa akiba, akaupokea, na siku hiyo hiyo akabadilisha kufuli kwa fundi mwingine.

Fundi aliyavumilia. Alijiambia, acha waseme, jicho litapona, sarafu itauzwa, hasira ya bibi itapoa. Hilo ndilo lililokuwa limemshika asianguke.

Bi Kona akaisugua.

Aliisugua kwa majivu na limau, kisha kwa waya wa masufuria, mpaka ikang'aa kama jino la dhahabu. Akaifunga kwenye kitambaa safi, akamwita kinyozi ampelekee kwa Mzee Lenzi. Kinyozi akaenda mbio, akarudi mbio zaidi. Mzee Lenzi, akasema, ameitazama, ameguna, amesema hii haina kitu, labda ya kununulia kiberiti. Mzee alisema na mengine, lakini kinyozi hakungoja. Kinyozi huwa hangoji.

"Bibi, umebadilishiwa," akamwambia. "Ile yenyewe kaificha. Amekuja kukulilia na ya bandia, ili umwone muungwana."

Hapo sasa mtaa ukawaka. Wizi wa kwanza watu walikuwa wameucheka. Huu wa pili waliutemea mate. Mtu anayeiba kisha anakuja kutubu kwa kitu cha bandia, huyo ni wa namna gani? Asubuhi moja fundi alikuta mlango wa kibanda umepakwa kinyesi cha mbuzi. Akachota maji akasafisha. Aliwaza aende kwa Bi Kona akamwambie. Amwambie nini, na kwa mdomo upi?

"Sijaibadilisha," alimwambia mkewe. "Wallahi sijaibadilisha."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Kwa sababu hulali. Ulipoiba kweli ulikuwa unakoroma." Akamtilia chai. "Watu wamepatia, ila wamekosea siku."

Bi Kona mwenyewe hakusema neno kuhusu hilo la kubadilishiwa. Na siku moja fundi alikuwa amekaa kibandani bila kazi, mikono mapajani, akasikia fimbo inagonga bati.

"Umo?"

"Nimo, ma... nimo, bibi."

"Funga hapa. Tunakwenda kwa huyo mwenye lenzi. Kinyozi ananiambia hivi, wewe uliniambia vile. Nataka kusikia kwa masikio yangu, maana macho ndiyo hayo."

Fundi akachukua mkoba. Kwenye rafu kopo lilikuwa linamtazama. Akalitia mkobani, hakujua vizuri kwa nini. Akatoa mkono amwongoze bibi, bibi akausukuma. Akashika ukanda wa mkoba, kwa vidole viwili, kama mtu anavyoshika kitu kinachonuka, na hivyo ndivyo walivyokwenda mtaa mzima, fundi mbele, bibi nyuma, na watu wametoka milangoni.

Mzee Lenzi alikuwa anapuliza vumbi kwenye saa. Akaipokea sarafu, akaigeuza chini ya kioo. Alikaa nayo.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Sema tena," akasema Bi Kona.

"Ndiyo ile ile aliyoniletea huyu. Alama ya ukingoni hii hapa, naijua. Haikubadilishwa. Imeuawa. Nani aliyeikwangua namna hii?"

Fundi akatazama chini. Angeweza kusema, na alikuwa na haki ya kusema.

"Mimi," akasema Bi Kona.

"Bibi, kwa nini? Hukuambiwa?"

"Niliambiwa. Aliyeniambia nilikuwa simwamini. Na nilitaka kuiona. Mume wangu kaiweka miaka yote hiyo, mimi sikuwahi kuitazama. Jicho hili kwenye kitu cheusi halishiki. Nikasema, nikiing'arisha nitaiona hiyo namba yake."

"Ukaiona?"

"Sikuiona."

Saa mojawapo ukutani, ambayo haikuwa mbovu, ikasikika. Fundi akafungua mkoba, akalitoa kopo, akaliweka mezani.

"Mzee," akasema, "nunua hizi. Zote."

Mzee Lenzi akafungua kifuniko. Akazimwaga taratibu, kikaratasi kimoja kimoja, na fundi akayaona mafunzo yote yakipita mbele yake. Mzee alisukuma kando zile njema. Akashika moja ya hovyo akaisifu. Akapiga mwayo, mrefu, mpaka machozi yakamtoka.

"Hizi takataka nyingi, fundi. Nitazichukua kukusaidia tu, maana naona mna shida." Akataja bei.

Fundi alijua ni robo ya haki yake, pengine si robo. Na alijua kwa nini. Alikuwa amesimama palepale walipokuwa wamesimama watu wote aliowafungulia masanduku, mwenye shida. Akafungua mdomo akubali.

"Mwenye usingizi akalale," akasema Bi Kona. "Fundi, rudisha kopo, twende."

Mzee Lenzi akakiinua kioo. "Bibi, mbona haraka?"

"Unapiga mwayo asubuhi hii. Umeamka lini? Na kuna moja hapo umeisukuma upande wangu, halafu kidole chako kinairudia, kinairudia. Inalia sauti nyembamba. Itaje bei peke yake."

"Huyu bibi si haoni?"

"Sioni. Nasikia mtu akitamani."

Mzee Lenzi akacheka, lakini cheko lake lilikuwa limevunjika mguu. Wakaanza upya. Bi Kona alikaa wima kwenye kiti kisicho na mgongo, akazipitia moja baada ya moja, kwa mlio na kwa kidole, akiuliza ile ni ya wapi, hii ina kosa gani, na fundi akijibu kwa ufupi. Mzee alipopandisha bei kidogo, bibi aliinuka. Alipopanda tena, bibi alikaa nusu. Mara ya mwisho aliinuka kweli, akafika kizingitini na fimbo yake, na mzee akaita. Ikawa bei ya haki, au karibu yake.

Pesa zilipotolewa Bi Kona akanyoosha mkono.

"Ya jicho langu imo humo?"

"Imo," fundi akasema. "Chukua zote, ma... bibi."

"Nimekuuliza jicho." Akapokea kiasi alichoambiwa na hospitali, akakitia kifuani, akakigonga mara moja kwa kiganja. "Hii si msaada. Hii ni ya karani."

Wakatoka. Jua lilikuwa kali. Fundi alibaki na bunda lililobaki na mkoba uliokuwa mwepesi begani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alivuta pumzi ikafika chini. Aliona yamekwisha. Jicho limepatikana, ukweli umesemwa, na aliyeusikia ndiye aliyestahili kuusikia. Hata wengine wasipoamini, basi.

"Utawaambia watu?" akauliza. "Kwamba sikuibadilisha?"

"Nitawaambia. Nitawaambia niliisugua mwenyewe, na uliniambia nisisugue, na mimi ni mjinga mzee. Wakicheka wacheke." Akashika ukanda wa mkoba. "Na hizo ulizonazo mkononi?"

"Hizi? Nilisema uchukue."

"Mimi nilikuwa na masanduku mangapi?"

Fundi akalikunja bunda.

"Nilikuwa na moja. Zile nyingine zilitoka wapi?"

"Kwa watu."

"Unawajua?"

Aliwajua. Hakuna sarafu aliyoisahau wala nyumba ilikotoka, mkeka uliotandikwa, nani alikuwa analia na nani alikuwa anacheka. Ndio uliokuwa ulevi wake. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa na wao, wakaacha masanduku mengine.

"Nawajua."

"Basi tutapita."

"Kwa wote?"

"Kwani mimi nilipokuwa nakusifu nilichagua nyumba?"

"Bibi, wengine hawajui hata kama zilikuwa na thamani. Wamesahau. Nikienda kuwaambia..." Akasimama. Aliwaona wote, mmoja mmoja, wakisikia. "Hakuna atakayenipa kazi tena mjini hapa. Mke wangu anafulia watu hao hao."

"Hilo ulipaswa kuliwaza ukiwa umepiga magoti."

"Na jicho? Wahi hospitali kwanza."

"Hospitali nitakwenda. Bado naona kivuli, na kivuli kinatosha kwa kazi hii." Akautikisa ukanda. "Aliye karibu ni nani?"

Fundi akatazama mbele. Mtaa ulikuwa umenyooka mpaka kwenye kona, na pale konani, mlangoni, kinyozi alikuwa amesimama na mashine mkononi, mteja wake nyuma yake kichwa nusu kimenyolewa, wote wawili wanawatazama wanavyokuja.

"Kinyozi," akasema taratibu. "Sanduku la baba yake."

Bi Kona hakucheka. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari. Fundi akapunguza mwendo, na bibi akausukuma mkoba kutoka nyuma, akaendelea kuusukuma.